Wembamba wa Reli

Kaka yangu Tiburcio anavaa arobaini na nne kiunoni,
chuma kinachomvuta upande kama ndoo iliyojaa.
Mimi nina hii rivolva.
Risasi yake nyembamba kama penseli ya shule,
magnamu kwa jina, na kwa baruti pia; usidanganywe na kiuno.
"Ya kuulia nzi," anasema,
tangu vuli ile nilipouza kondoo dume wawili
kuinunua kwa mjane wa Anduiza, kule Hailey.

Sikumjibu. Nilikuwa nakata vitunguu.

Babu alivuka kutoka Bizkaia akiwa na maneno mawili ya kigeni,
"ndiyo" na "kondoo".
Alichonga jina lake kwenye gome la mti mweupe juu ya kijito;
mti ukakua, jina likanenepa.
Kila Juni tunalipita tukipandisha kundi kwenye nyasi za juu.
Mimi ndiye mpeleka posho: mikate, maharage, betri za redio,
nyumbu wawili wenye kinyongo.
Ukibeba posho miaka kumi na tisa
unajua uzito wa kila kitu, hata wa kijiko.

Basi sikiliza, maana hakuna aliyeniuliza.
Pale ambapo nyingine za umbo hili hutosha risasi tano,
hii inameza sita.
Haikurushi mkono.
Ya sita naipiga kwa kiganja kilekile kilichopiga ya kwanza,
bila kufumba macho kabla ya mlio.
Hatua sitini, na bado haijaanza kuinamia ardhi.
Tena haina majivuno ya chakula:
ukiilisha dada zake wafupi, wapole, inakula,
ikanyamaza nusu.

Mwaka juzi Tiburcio alimpiga kwale juu ya msonobari.
Tulikula nini? Manyoya.
Paja moja, na hadithi yake, ambayo haijaisha hadi leo.
Wangu nilimlenga shingo, asubuhi, umande bado kwenye buti.
Alidondoka kama kofia kutoka msumarini.
Kifua kizima. Mchuzi wa watu watatu,
na Tiburcio akapangusa bakuli kwa mkate
huku akitazama pembeni.

Kwa dubu siiombi muujiza.
Kwa dubu nina mbwa, nina sufuria ya kugonga,
na nyumbu ambaye siku hiyo husahau kinyongo.
Mbweha wa nyika akiwa ng'ambo ya bonde namwacha aende;
sitampa jeraha la kubeba usiku kucha.

Lakini Agosti, kondoo jike, yule wa sikio lililochanika,
aliteleza kwenye mawe akavunjika mgongo.
Alilala katikati ya wenzake, wanachunga,
mwanawe anamsukuma kiwele kwa pua.
Tiburcio alishika arobaini na nne yake, kisha akalitazama kundi:
mia nane, na genge chini yao.
Mlio ule ungewamwaga kama mbaazi.

Nikachagua moja fupi.
Nikapiga magoti, nikamfunika jicho kwa kiganja cha kushoto.

Hakuna aliyeinua kichwa.
Mbwa alikunja mkia upya, akaendelea na usingizi.
Na kaka yangu, hatua kumi nyuma yangu,
ambaye miaka ya chuma kikubwa imemla masikio yote mawili,
akauliza kwa sauti ya juu, sauti yake ya siku hizi,
"Mbona hupigi?"

Nikamwonyesha kwa mkono.

Watu husema usione wembamba wa reli.
Sikumwambia hayo. Nilikuwa nafungua silinda.
Ganda liliangukia kwenye nyasi, bado la moto,
naye akainama, magoti yakilia,
akalitafuta kwa vidole vyake vinene,
akalipuliza,
akalitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.
Kisha akamchukua mwanakondoo.